Bi Shahrazad alipoingia studio za London

Jumapili hii, msomaji mpendwa, nakuomba kitu kilicho ghali kuliko nauli ya matatu siku ya mvua. Nakuomba dakika 24. Si dakika za kusikiliza huku ukikaanga vitunguu au ukijibu ujumbe kwenye simu, la hasha. Ni dakika 24 za kukaa kitako na kuusikiliza wimbo mmoja tu, tangu mbiu ya kwanza hadi mlio wa mwisho.

Najua unaguna. Wimbo gani huo usiokwisha? Hata marehemu Franco na kikosi chake cha TPOK Jazz, watu waliojua kuivuta sebene mpaka wachezaji wakaomba maji, walipoutoa wimbo wa "Mario" mwaka 1985 walitosheka na takriban robo saa. Lakini wako Waingereza watano ambao miaka kumi kabla ya hapo waliuchukua upande mzima wa santuri wakaujaza wimbo mmoja. Bendi yao iliitwa Renaissance, albamu ni Scheherazade and Other Stories ya mwaka 1975, na wimbo wenyewe ni "Song of Scheherazade".

Kwa vijana ambao hawajapata kuishika santuri kwa mikono yao, hiyo ni ile sahani nyeusi yenye pande mbili. Kila upande hubeba muziki wa dakika ishirini na kitu, na ukiisha huna budi kuinuka kitini ukaugeuze. Kwa hivyo upande ulikuwa kama sura ya kitabu. Mwanamuziki mwerevu alijua pale msikilizaji atakapoinuka, na alijua pia kwamba akishaketi tena hatainuka kwa urahisi. Renaissance waliweka nyimbo tatu upande wa kwanza, na upande wa pili wakauacha kwa Shahrazad peke yake.

Muziki wao ni wa ule mkondo uitwao roki ya sanaa. Ulichipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wa magita walipochoshwa na nyimbo za dakika tatu za nakupenda-unanipenda, wakaanza kuchota kwa akina Bach, kwa washairi, na kwa nyimbo za kale ambazo bibi zao waliziimba vijijini. Nikuambie ukweli, mengi yaliyotokana na mkondo huo yalikuwa majigambo matupu. Utamsikia bwana mmoja akikimbizana na kinanda chake nusu saa nzima ili ujue kwamba ana vidole kumi. Albamu hii si ya namna hiyo, na ndiyo sababu nimeichagua.

Bi Shahrazad mwenyewe hahitaji kutambulishwa katika nyumba inayosoma Kiswahili. Ndiye yule wa Alfu Lela Ulela. Wazee wetu walimsoma katika tafsiri ya Edwin Brenn iliyotolewa na kampuni ya Longmans enzi za ukoloni. Hata wewe uliyesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ulikuwa ukinywa maji ya kisima hicho hicho, kwani asili ya kisa cha Adili na ndugu zake imo katika masimulizi hayo.

Kwa yeyote aliyesahau, nitamkumbusha kwa ufupi. Mfalme Shahriyar anasalitiwa na mkewe. Kwa hasira anamuua, kisha anaapa kwamba tangu siku hiyo ataoa mwanamwali mmoja kila usiku, na alfajiri ikifika atamkabidhi kwa mnyongaji. Miaka inapita hivyo, hadi wazazi wanakimbia na mabinti zao na mji unakaribia kubaki bila wasichana. Hapo ndipo binti wa waziri, Shahrazad, anapomwambia baba yake amwoze kwa mfalme. Baba analia, binti hatikisiki. Usiku anaanza hadithi, na jogoo anapowika hadithi iko mahali patamu. Mfalme, kwa uchu wa kujua kilichofuata, anamwahirishia kifo hadi kesho. Na kesho, na kesho kutwa, mpaka usiku elfu moja na mmoja.

Huyu basi ni mtu asiye na silaha yoyote ila maneno. Liweke hilo akilini, kwa sababu ndani ya Renaissance pia kulikuwa na mwanamke wa maneno, na karibu hakuna aliyemwona.

Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1969 na Keith Relf na Jim McCarty, waliotoka katika kundi la Yardbirds, lile lililowahi kuwa na wapiga gita watatu mashuhuri, Eric Clapton, Jeff Beck na Jimmy Page. Bw Relf na Bw McCarty walikuwa wamechoka na kelele. Walitaka piano, gita kavu na sauti ya kike, na sauti hiyo ilikuwa ya Jane Relf, dada yake Keith. Mpango haukudumu. Baada ya mwaka mmoja na kitu wote walikuwa wameanza kutawanyika, mmoja baada ya mwingine. Albamu iitwayo Prologue ilipotoka mwaka 1972, jina lilikuwa lile lile la Renaissance ilhali kati ya waimbaji na wapigaji watano wa awali hakubaki hata mmoja! Ni kama jirani akuuzie duka pamoja na kibao chake cha mlangoni.

Waliolichukua duka hilo ni hawa: Michael Dunford, mtunzi na mpiga gita kavu, John Tout, mpiga piano, Jon Camp, mpiga gita la besi, Terence Sullivan, mpiga ngoma, na mwimbaji Annie Haslam, mzaliwa wa Bolton, kaskazini mwa Uingereza, aliyefundishwa kuimba na mwalimu wa opera. Mara nyingi husemwa kwamba sauti ya Bi Haslam hufika oktavu tano. Mimi sijazihesabu. Ninachojua ni kwamba inapanda bila kukwaruza, nawe unabaki chini ukiitazama kama mtoto anayetazama tiara.

Zingatia kwamba katika orodha hiyo hakuna gita la umeme la kulia na kugugumia. Bendi ya roki, miaka ya 1970, bila gita la umeme mbele! Bw Dunford alipiga gita kavu, aghalabu lile la nyuzi 12, ambalo mlio wake hutawanyika kama mvua ya rasharasha. Nafasi ya gita la umeme ilichukuliwa na piano ya Bw Tout, na besi ya Bw Camp haikukubali kukaa nyuma kama besi nyingine. Inatembea, inajibizana, wakati mwingine inataka kuongoza msafara.

Na maneno? Maneno mengi ya nyimbo zao yaliandikwa na Betty Thatcher, mshairi aliyeishi Cornwall, ile pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Uingereza ambako nchi inaishia baharini. Alikuwa rafiki yake Jane Relf, na kwa njia hiyo alianza kuiandikia bendi tangu siku za waanzilishi. Waanzilishi walipoondoka, yeye alibaki. Utaratibu wao ulikuwa hivi: Bw Dunford alitunga muziki, akaurekodi kwenye kanda na kumpelekea Bi Thatcher kwa posta. Mshairi aliusikiliza huko kwake, akaandika maneno ya kuutoshea, akayatia kwenye bahasha na kuyarudisha. Hakupanda jukwaani. Watu walimshangilia Bi Haslam, na walikuwa na haki, lakini kinywa chake kilikuwa kikisema yaliyotoka kwenye bahasha.

Watu wa pwani hili haliwashangazi. Katika taarab, mwenye shairi, mwenye kulitia muziki na mwenye kuliimba aghalabu ni watu watatu mbalimbali, na shabiki anayejongea kumtuza mwimbaji noti huenda asimjue kamwe aliyeumiza kichwa kutafuta vina. Wala fidla nyingi zinazolia pamoja nyuma ya mwimbaji mmoja si kioja kwa mtu wa Mombasa au Unguja. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma mtu Misri akajifunze muziki, na kwamba hapo ndipo ilipoanzia safari ya taarab visiwani. Barghash alifariki mwaka 1888, mwaka ule ule Mrusi Nikolai Rimsky-Korsakov alipoumaliza muziki wake mkubwa wa orkestra uitwao Scheherazade. Ni sadfa tu, lakini hunifurahisha.

Tuugeukie upande wa kwanza. Wimbo wa kufungulia, "Trip to the Fair", unachukua karibu dakika 11, na hizo za kwanza ni za piano ya Bw Tout, akiita na kuitikia mwenyewe. Kisha unaingia mwendo wa kubembea, watu wanacheka kwa mbali, na Bi Haslam anasimulia habari za mtu aliyekwenda kwenye tamasha la bembea akalikuta halina mtu. Kama Bi Haslam alivyopata kueleza, chanzo chake ni miadi yake ya kwanza na mwanamuziki Roy Wood. Walikwenda kwenye maonyesho ya bembea huko Hampstead Heath, London, wakakuta yamefungwa. Mtu mwingine angecheka akasahau. Bi Thatcher aliposimuliwa, alikifanya kuwa kisa cha kuogofya. Hapo utaiona kazi ya mshairi. Amepewa mlango uliofungwa, naye akajiuliza kuna nini nyuma yake.

Wa pili, "The Vultures Fly High", ni mfupi, dakika tatu hivi. Wengi wameuelewa kuwa ni kijembe kwa wahakiki wa magazeti, wale tai wanaozunguka wakingoja mtu aanguke. Kwa kuwa nami nala mkate wa kuhukumu kazi za wenzangu, nitapita hapo kimyakimya.

Wa tatu ni "Ocean Gypsy", na hapa, msomaji, ongeza sauti kidogo. Ni wimbo wa polepole, wa huzuni, wa mwanamke aliyempa mpenzi kila kitu akabaki mtupu, na habari zake zimechanganywa na za bahari, mwezi na jua hadi hujui tena kama huyu ni mtu au ni mwezi wenyewe. Muundo wake ni wa nyimbo za kale za watu wa Uingereza. Una ubeti na kiitikio, na sauti yake mtu angeweza kuishika kwa mara moja tu akaenda akiiimba njiani. Mwaka 1997 Ritchie Blackmore, yule aliyetamba na gita la umeme katika Deep Purple, aliurekodi upya pamoja na mkewe Candice Night katika kundi lao la Blackmore's Night linalopiga muziki wa kienyeji wa zamani. Wimbo ulisimama vyema tu katika mavazi hayo mepesi.

Kwangu hicho ndicho kipimo. Ondoa orkestra, ondoa studio, mpe mtu mmoja gita kavu. Je, kinabaki kitu? Albamu nyingi za roki ya sanaa zikivuliwa koti hukuti mtu ndani yake.

Sasa inuka ugeuze santuri, au kama unatumia intaneti, zima matangazo.

Upande wa pili una vipande tisa vilivyoungwa bila kuachana. Ulirekodiwa katika studio za Abbey Road, London, pamoja na Orkestra ya London Symphony, na aliyeupangia muziki wa orkestra ni Tony Cox. Ukidhani orkestra imeletwa kutandaza zulia nyuma ya bendi tu, umekosea. Imepewa sehemu ya kusimulia. Mbiu inapigwa, kisha usaliti wa malkia na ghadhabu ya mfalme vinaelezwa na ala peke yake, bila neno hata moja. Nadhani walifanya busara. Hasira ya mwenye nguvu ina maneno machache, ina kishindo tu.

Mtu wa kwanza kuimba si Bi Haslam. Ni Bw Camp, mpiga besi, mwenye sauti ya kawaida ya kiume, anayetueleza habari za sultani na kiapo chake. Kwa hiyo tunaingia jumbani kwa sauti ya mwanamume. Kisha unakuja muziki wa mapenzi usio na maneno, na baada yake, katika kipande kinachoitwa kisa cha mwana wa mfalme na binti mfalme kama kilivyosimuliwa na Shahrazad, ndipo Bi Haslam anapojitokeza mbele. Yaani anayesikika sasa ni msimulizi mwenyewe. Piano imepunguzwa, orkestra inapumua kwa mbali, na sauti inakwenda taratibu kama ya mtu anayejua kwamba asipofanya haraka ataishi hadi kesho.

Jina la kipande hicho linakumbusha lile ambalo Rimsky-Korsakov aliipa sehemu ya tatu ya kazi yake. Katika muziki wa Mrusi huyo sauti ya Shahrazad ni fidla moja inayopanda na kushuka, ilhali mfalme ni vishindo vya ala nzito. Renaissance hawakuuiga muziki wake. Walifanya jambo lililo rahisi zaidi, na kwa maoni yangu lililo na nguvu zaidi, nalo ni kumrudishia mwanamke huyo kinywa.

Baada ya hapo ni maandalizi ya sherehe, kisha kipande cha Bw Tout kiitwacho "Fugue for the Sultan". Kama neno hilo ni geni, fikiria watoto watatu wanaofukuzana uani. Wa kwanza anachomoka, wa pili anafuata njia ile ile hatua chache nyuma, wa tatu hali kadhalika, na hakuna anayemgonga mwenziwe. Fuga ndivyo ilivyo, na aliyeifikisha kileleni ni Bach. Mtoto anayejifunza muziki hapo nyumbani mwekee kipande hiki, mwambie anyooshe kidole kila mara sauti mpya inapoingia. Ni mchezo mzuri kuliko mingi iliyomo kwenye simu.

Halafu sherehe yenyewe, mji mzima uko barabarani, na mwisho Bi Haslam anapandisha sauti hadi juu ya orkestra yote.

Lakini nina kinyongo, na sitakificha kwa sababu tu muziki umenipendeza. Sherehe hiyo ni ya nani? Mabinti waliokufa kabla ya Shahrazad wametajwa mwanzoni, mbio mbio, kama sehemu ya kiapo cha sultani. Kufikia mwisho hakuna anayewakumbuka. Tunaambiwa tushangilie kwamba mfalme amebadilika, na mwuaji wa mabinti wa watu anapigiwa muziki wa shangwe. Utasema kosa hilo limo katika hadithi ya asili. Ni kweli, limo. Hata hivyo, hao walikuwa na orkestra nzima chumbani! Dakika moja ya fidla ya maombolezo ingewagharimu nini? Mzazi mwenye binti anayesikiliza pamoja naye atalazimika kuijaza dakika hiyo mwenyewe kwa mazungumzo, na pengine si vibaya.

Jambo la pili ni dogo zaidi. Mashariki ya albamu hii ni ya Kiingereza. Husikii udi wala qanun, na Baghdad yao imejengwa London kwa matofali ya London. Hili halinisumbui sana. Wazungu wamekuwa wakiiota Baghdad hiyo tangu Mfaransa Antoine Galland alipoanza kuchapisha tafsiri yake mwaka 1704, na angalau hawa hawakujifanya Waarabu. Walipiga walichokijua.

Nyumbani kwao hawakushangiliwa sana. Bahati yao ilikuwa Marekani, hasa miji ya mashariki kama New York na Philadelphia. Mnamo Juni 1975 walipiga usiku tatu mfululizo katika ukumbi wa Carnegie Hall mjini New York pamoja na wanamuziki wa New York Philharmonic, na wimbo wa Shahrazad ulikuwemo. Santuri ya maonyesho hayo ilitoka mwaka 1976, na humo wimbo huo unakaribia dakika 29. Albamu yenyewe ya studio ilifika nambari 48 katika orodha ya Billboard. Kwa muziki wa namna hiyo si haba.

Kisha upepo uligeuka. Kampuni iliyowauza Marekani, Sire, ndiyo hiyo hiyo iliyotoa albamu ya kwanza ya Ramones mwaka 1976, nyimbo 14 zilizotoshea katika dakika 29 hivi. Muda ambao Renaissance walisimulia kisa kimoja, hawa walipiga kumi na vinne! Naye Miles Copeland, mlezi wa Renaissance upande wa biashara, aligeukia vijana wa pank na baadaye akaliongoza kundi la The Police, ambamo ndugu yake Stewart alipiga ngoma. Mwaka huo huo wa 1976 Keith Relf, aliyelianzisha jina la Renaissance, alikufa nyumbani kwake kwa kupigwa na umeme akiwa na gita. Renaissance walipata wimbo mmoja tu wa kuingia kumi bora za Uingereza, "Northern Lights" wa mwaka 1978, ambao haufiki hata dakika tano.

Miaka ya 1980 iliwasambaratisha. Katikati ya miaka ya 1990 mambo yalifikia kichekesho, kwani Bi Haslam alikuwa na Renaissance yake na Bw Dunford ana Renaissance yake, kila mmoja na kibao chake mlangoni. Kati ya hapo Bi Haslam aliugua saratani ya matiti mwaka 1993, akapona. Mwishowe wawili hao walirudiana kikazi, na mwaka 2009, miaka 40 tangu bendi ianzishwe, walirudi jukwaani pamoja.

Mwaka 2011 walizunguka Marekani wakiipiga Scheherazade and Other Stories yote, pamoja na albamu iliyoitangulia, Turn of the Cards. Betty Thatcher hakuiona ziara hiyo. Alifariki mwezi wa Agosti mwaka huo, wiki chache kabla. Bw Dunford alimfuata Novemba 2012, na Bw Tout mwaka 2015. Kuna rekodi ya ziara hiyo, na ukiipata uisikilize baada ya ile ya studio. Orkestra haimo, kazi yake imebebwa na vinanda viwili. Sauti ya Bi Haslam ni ya mwanamke wa miaka 64, na kuna mahali utamsikia akivuta pumzi ambapo zamani hakuhitaji. Lakini maneno yaliyofika kwa posta kutoka Cornwall ameyaimba yote, na gita la nyuzi 12 liko pale pembeni yake, halijanyamaza.